Uzi Mtupu wa Manharlal

Jumamosi, 11 Januari
Leo nimejitoa kwenye mashindano. Kabisa! Ahmedabad nzima inapaka nyuzi unga wa chupa ili watu wakatiane vishada kwenye sikukuu ya Uttarayan. Mimi, mwalimu mstaafu, nitarusha changu kwa uzi mtupu wa cherehani. Kushindana kumeiharibu dunia. (Haihusiani na jirani yangu Hasmukh kunikata kila mwaka. Hata kidogo.) Kokila, mke wangu, kaniuliza kama nina homa.

Jumapili, 12 Januari
Nimehubiri paa kwa paa. Kashata zangu za ufuta wamezimaliza, mfuasi hata mmoja sikupata. Hasmukh kasema sizitaki mbichi hizi. Mtu mzima hana adabu! Halafu kapoa. Mwanawe anamchukua wakaishi Surat, nyumba imeshapata mpangaji. Hii ndiyo Uttarayan yake ya mwisho hapa, na anaitaka iwe nzuri. Nikamwahidi itakuwa nzuri: ya amani.

Jumatatu, 13 Januari
Nikitafuta uzi nimekuta kibiringo changu cha utotoni cha kukunjia uzi, bado kina rangi ya waridi ya uzi wa vioo. Tulitwanga balbu mbovu mimi na Hasmukh, tukapika uji wa mchele uwe gundi, tukapaka uzi tuliouvuta kutoka mlango wao hadi wetu. Vidole vyote damu. Mama yake alituchapa kwa ndala moja sote wawili. Ah, siku zile! Nimekaa sakafuni muda mrefu. Lakini msimamo ni msimamo.

Jumanne, 14 Januari
Upepo mtamu. Kishada changu juu, uzi mtupu. Chekundu cha Hasmukh kikaja, kikanizunguka, kikanizunguka tena, kikaenda zake. Kanionea huruma! Mapaa yote yanapiga sahani na kelele, sisi wawili kimya kama tuko matangani. Kokila kaweka kibiringo chini. Kasema amenishikia uzi tangu harusi, na hakuolewa na mtawa. Karuka ukuta, kaenda kumshikia Hasmukh, ambaye tangu mkewe afariki hana wa kumshikia.

Jumatano, 15 Januari
Siku ya pili ya sikukuu. Nimenunua uzi wa vioo. Si wa kushindana. Wa tahadhari tu.
NIMEKIKATA! Chekundu kimekwenda na upepo! Nimeruka hadi goti limeteguka. Hasmukh kaniita mnafiki, mwizi, mzee wa cherehani, huku anacheka na machozi yanamtoka. Mimi pia yamenitoka. Jioni tumekula mboga za sikukuu sahani moja.

Jumatatu, 20 Januari
Hasmukh kaondoka. Kutoka kwenye bajaji kapaza sauti kwamba nilibebwa na upepo. Mwongo! Nikamkimbilia nimjibu, goti likakataa. Paa lake nashindwa kulitazama.
Basi, nimetubu. Mashindano sitayarudia maisha yangu yote.
Mpangaji mpya ameleta chungu cha mrehani. Umestawi kuliko wetu, na kauweka makusudi tuuone. Mtu huyu anahitaji kufundishwa kutoshindana.
Kesho nanunua mbolea.