Nyumba Nyingi Kuliko Kutaiba

Jumatatu, 8 Aprili. Irbid.
Idi keshokutwa. Goti la Baba limegoma, kwa hiyo nitawatembelea mimi mashangazi na mama wadogo wote siku ya kwanza. Kila mmoja ana saa zake za kupokea wageni, na saa zenyewe zinagongana. Haiwezekani! Binamu yangu Kutaiba, daktari mtarajiwa na kipenzi cha ukoo, kaniuliza kama kompyuta yangu inajua kula maamuli, biskuti za tende za Idi. Tumewekeana dau: atakayeingia nyumba nyingi ndiye mwanamume.

Jumanne, 9 Aprili.
Programu tayari! Mistari michache tu. Anza na nyumba inayomaliza mapema, kisha inayofuata isiyogongana nayo, usiangalie nyuma. Mwalimu wetu huiita mbinu ya mlafi, na imethibitishwa: hakuna ratiba itakayoingiza nyumba nyingi zaidi. Imemkata Shangazi Wasfia. Yeye hupokea wageni tangu swala ya Idi hadi mansafu ya mchana, ule wali wa nyama na mtindi, anakula nafasi ya watu wanne. Mama kanikumbusha kuwa Shangazi Wasfia ndiye aliyeahidi kunipelekea posa kwa kina Sundus, mradi nimpitie Idi. Nampenda Sundus mpaka usingizi sipati. "We mtoto," kasema Mama, "shangazi naye anapunguzwa kama nywele?" Mama hajasoma kompyuta.

Jumatano, 10 Aprili. Idi!
USHINDI! Nyumba kumi na moja! Siri ni kahawa. Mwenyeji humimina mpaka mgeni atikise kikombe, basi mimi nilitikisa kabla ya kumiminiwa. Mama mdogo Ibtisam kaniuliza kama kwetu kunaungua. Na Kutaiba? Moja! Alikwama kwa Shangazi Wasfia tangu asubuhi, akala mansafu, akasikiliza habari za nyongo yake mpaka alasiri. Maskini. Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Alhamisi, 11 Aprili.
Shangazi Wasfia kaenda kwa kina Sundus na posa. Ya Kutaiba. Wamekubali. Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia ili Mama asisikie. Inauma, inauma kwelikweli. Halafu Kutaiba kaandika kwenye kundi la ukoo kwamba dau nimeshinda mimi. Mbele ya ukoo mzima! Shangazi wa Zarka kanitumia picha ya kombe. Chakula cha usiku nimekula vizuri.

Ijumaa, 12 Aprili.
Shangazi Wasfia kapiga simu: kinyongo hana. Sundus ana mdogo wake, Ghaida, na binti mwenyewe ameniulizia! Niende leo baada ya swala, nikae, ninywe kahawa kama binadamu, naye jioni atakwenda kuniposea. Nimembusu Mama kichwani kwa furaha. Lakini leo nimealikwa kwingine pia, kwa hiyo nimeingiza saa zote kwenye programu. Nyumba sita! Katika Ijumaa moja! Kutaiba hataamini. Shangazi Wasfia hayumo.