Unga wa Buluu na Kreti Arobaini za Soda

Kizibo aliingia duka la vifaa vya ujenzi kwa nia safi kabisa ya kuiba kivuli, kwa kuwa siku hiyo hakuwa ameona kitu kingine cha kuiba. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa kuviringana, mwenye kofia ndogo bapa iliyomkaa utosini kama kizibo cha chupa, na jina likaja lenyewe. Kazi yake ilikuwa kutapeli watu, na aliifanya kwa moyo. Shida yake ilikuwa moja tu: hakuwa na usafiri. Kudanganya alijua, kukimbia ndiko kulikomshinda. Mara tatu mfululizo alikuwa ametapeli kwa ufundi wa kupigiwa makofi, halafu akakamatwa hatua mia mbili mbele, akihema, na watu wenye vitambi kumshinda. Sasa hata usingizini alikuwa anaota magurudumu.

Nyuma ya kaunta, mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Misumari, alikuwa anafoka kwenye simu.

"Kreti arobaini! Arobaini, bwana! Jumamosi saa sita mchana! Friji? Friji yangu inaingia chupa kumi na mbili na sufuria ya maharage!"

Akakata simu, akaitupa juu ya mfuko wa saruji.

"Harusi?" Kizibo akauliza, kwa sauti ya mtu anayeingia kwa wafiwa.

"Binti yangu," akasema mzee, na kwa vile alikuwa hana mwingine wa kumlalamikia, akamwaga yote. "Siku ya uchumba niliwapa wakwe soda. Nilinunua barafu asubuhi. Saa nne ikawa maji, saa sita ikawa maji ya moto. Mama wa bwana harusi kanywa funda moja, kauliza mbele ya watu wote: 'Samahani, hii chai mmesahau kutia majani?' Jumamosi akipewa tena soda ya moto, mimi nahama mji huu."

Kizibo akafumba macho kwa uchungu. Alipoyafumbua, yalitua karibu na mlango, penye pikipiki nyekundu, kuukuu lakini nzima, yenye kiti kirefu kilichoshonwa upya. Pale pale akasikia wito.

"Mzee wangu, unajua kwa nini soda hupata joto?"

"Jua."

"Hivyo ndivyo wanavyodhani watu wasiofuatilia mambo. Ni wasiwasi. Soda inasikia kelele, inajua kuna shughuli, inahangaika, inapata joto. Wewe mwenyewe ukihangaika, hupati joto?"

Mzee Misumari akajipitisha kidole kwenye paji la uso. Ushahidi ukamlowesha hadi kiganjani.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo inahitaji kitu cha kuituliza. Unga wa baridi. Watu wakubwa wanautumia, ila hawasemi."

Unga ule haukuwa na bei, Kizibo akaeleza, elimu haiuzwi. Lakini mtaalamu wa baridi huitwa huku na huku, na kwa miguu hafiki, kwa hiyo kama ingepatikana pikipiki yoyote, hata kuukuu, hata nyekundu...

Mzee alikuwa na dhiki, lakini alikuwa bado mfanyabiashara. Akaufunga ufunguo wa pikipiki kwenye uzi, akauvaa shingoni kama hirizi.

"Utaupata Jumamosi, mama mkwe akishafungua chupa ya kwanza. Ikiwa baridi, pikipiki yako. Ikiwa chai, mimi na wewe tutazungumza nyuma ya duka, kwenye nondo."

Kizibo akacheka kama mtu asiye na wasiwasi na nondo.

Unga wenyewe aliupata siku hiyo hiyo. Kulikuwa na ghala la ngozi lililofungwa, na sakafuni kulibaki ile chumvi ya mawe ya kukaushia ngozi, chafu, imegandana, haina mwenyewe. Akafagia mpaka chembe ya mwisho, ikawa magunia mawili. Akaiponda, akaichanganya na buluu ya kufulia nguo nyeupe, ikawa na rangi ya kitu ambacho mtu wa kawaida hawezi kukielewa. Mpango ulikuwa mwepesi: Jumamosi saa sita kasorobo angemkumbatia Mzee Misumari kwa furaha ya harusi, akate uzi kwa wembe uliofichwa kwenye kofia, na kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa awe kilima cha pili, upepo ukimpiga meno.

Jumamosi asubuhi akaukuta ua wa mzee umejaa watu. Katikati lilisimama tangi kubwa la maji lililopasuka mdomo likakosa mnunuzi dukani, na ubavuni mwake mapipa manne yenye harufu ya mbali ya samaki. Kizibo akapanda juu ya kreti, akatoa masharti. Hakuna kupaza sauti hatua kumi kutoka kwenye tangi. Na hakuna kuchungulia.

"Huu unga una haya," akasema. "Ukiuchungulia unaona haya. Ukiona haya unapata joto."

Basi uani kukawa kama wodini. Wapishi wakakata vitunguu kwa kunong'ona. Mtu aliyekodiwa kuleta spika akaambiwa azielekeze kwa jirani. Mzee Misumari mwenyewe, ndani ya suti na viatu vipya, alikuwa anatembea kwa ncha za vidole akiulizana na watu kwa ishara.

Ndipo akatokea Shangazi, dada yake Mzee Misumari, mwuza samaki wa miaka ishirini na sita sokoni, mwanamke mwenye mikono ya kunyanyua ng'ombe. Akauinamia unga wa buluu, akachovya kidole, akalamba.

Kizibo akashuka kwenye kreti haraka.

"Mh," akasema Shangazi. Akalamba tena. "Una nguvu, mwanangu."

"Sana, Shangazi."

"Unatoka wapi huu?"

"Nje."

"Nje ya nchi?"

"Nje kabisa."

Shangazi akatikisa kichwa kwa heshima. "Mimi sikusoma. Lakini nina barafu yangu kidogo ya samaki, nimekuja nayo. Tukiitia humo, dawa haitachukia?"

Kizibo akamwonea huruma. Barafu! Si ndiyo ile iliyomwaibisha kaka yake siku ya uchumba? "Weka tu, mama yangu. Isije dawa ikajiona mpweke."

Shangazi akalipigia mluzi gari lililokuwa nje. Yakashushwa mabonge ya barafu makubwa kama mito ya kulalia. Akayafunika gunia, akayavunja kwa mgongo wa shoka, taratibu, ili asiishtue dawa. Kisha akapanga mwenyewe ndani ya tangi na mapipa: barafu, unga, chupa; barafu, unga, chupa. Juu akafunika magunia yaliyoloa. Alikuwa na wepesi wa mtu aliyefanya kitu kile kila alfajiri ya maisha yake, lakini Kizibo hakuona, kwa sababu alikuwa anawafundisha wapishi namna ya kupumua bila kelele.

Saa sita kasorobo wakwe wakaingia. Mama wa bwana harusi akakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Akaufungua polepole, ili kila mtu aone, akatoa pakiti ya majani ya chai, akaiweka mezani.

"Nimekuja nayo," akasema. "Safari hii msihangaike."

Mzee Misumari akaonekana kupungua ndani ya suti. Kizibo akaona wakati ndio huu. Akautoa wembe kofiani, akafungua mikono, akamrukia mzee. "Hongera, baba! Hongera sana!" Mkono wa kulia ukapanda mgongoni, ukaifikia shingo, ukaushika uzi.

Hapo Shangazi akafunua gunia.

Chupa ilitoka imevaa ukungu mweupe kama imetoka saluni. Kizibo akaiona kwa juu ya bega la mzee, na wembe ukasimama hewani. Kizibo cha ile chupa, yaani kile cha bati, kikaruka. Soda ikapanda shingoni na, mbele ya macho ya watu wote, ikageuka barafu laini ikielekea nje. Mama mkwe akaifyonza. Akashika paji la uso kwa mikono miwili. Chozi moja likamtoka.

"Meno," akanong'ona. "Meno yangu yote."

Hakuna aliyethubutu kusogea.

"Niongezeeni," akasema mama mkwe, na midomo yake ilikuwa ya buluu kama wino.

Uani kukalipuka. Masharti ya kelele yakasahaulika. Chupa zikatoka kwa makumi, na kila aliyekunywa alibaki na midomo ya buluu na vidole vya buluu, na katika picha zote za harusi ile wakwe wanaonekana kama watu waliokula kalamu, wakicheka. Mzee Misumari akajivua ufunguo mwenyewe, akamvalisha Kizibo, akambusu kichwani, kofia na yote.

Mtu mwenye akili angeondoka. Pikipiki ilikuwa hapo, ufunguo upo shingoni, na safari hii hakukuwa hata na wa kumkimbiza. Lakini Kizibo alikuwa amepatwa na jambo ambalo halijawahi kumpata: alikuwa ameanza kujiamini. Akatumbukiza mkono kwenye tangi, akauchomoa akipiga kelele. Akauangalia. Chumvi ameila tangu aanze kula, haijawahi kumpoza hata ulimi. Barafu ameiona, inapoza kidogo inakufa. Kumbe basi ni ule mchanganyiko! Ni buluu! Ni mkono wake! Katika miaka yote ya kazi, hakuwahi kumpata mtu wa kumwamini Kizibo kama Kizibo alivyomwamini Kizibo mchana ule.

Na watu wakaanza kumvuta koti. "Mtaalamu," akasema mwenye hoteli, "mwanangu anamaliza chuo mwezi ujao, wageni mia tano, wewe sema unachotaka." Nyuma yake foleni.

Akamkimbilia Shangazi aliyekuwa anakung'uta magunia. Ghala alilifagia mpaka saruji, hakuna hata chembe iliyobaki.

"Shangazi, unga umebaki?"

"Umekwisha, mwanangu. Lakini maji yake si haya hapa?"

"Maji?"

"Mimi sikusoma," akasema Shangazi. "Ila najua unga wa mkate. Ukibakiza donge la jana lenye hamira, linaumua la leo. Haya maji yameshajifunza baridi. Wewe ndiye mtaalamu, niambie kama nimekosea."

Kizibo hakuwa na uwezo wa kusema kwamba hajui. "Hujakosea," akasema. "Nipe pipa moja."

"Aa, haya kaka kanipa mimi. Nataka kuwawekea samaki wangu."

"Samaki! Mama yangu, maji kama haya unayawekea samaki?"

"Samaki nao wana haki yao."

Akabembeleza. Akapiga goti. Akamwita mama, akamwita bibi, akamwita malkia. Shangazi akawa anakataa kwa huzuni, akiangalia pembeni, mpaka macho yake yakatua kwenye ufunguo.

"Basi, kwa vile u rika la kifungua mimba wangu," akasema. "Chukua mapipa yote manne. Na mkokoteni nakuazima, ila uurudishe. Miguu yangu imechoka kwenda sokoni, hicho cha shingoni kitanitosha."

Saa tisa jua lilikuwa linachoma bila adabu, na Kizibo alikuwa anasukuma mapipa manne kupanda kilima kile kile alichopanga kukipita akipunga upepo. Angemwuliza mwuza samaki yeyote duniani, angeambiwa bure: chumvi ya mawe ikikutana na barafu, barafu hung'ata mara mbili, barafu ikiisha, unabaki na maji ya chumvi. Lakini alikuwa mtaalamu, na wataalamu hawaulizi.

Akasimama. Akafunua pipa kidogo, akachovya kidole. Vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto, na harufu ya samaki iliyokuwa ya mbali sasa ilikuwa imefika. Akafunika haraka. Ameyachungulia, yameona haya. Akakaa kando ya barabara kuyasubiri.

Honi ikalia. Pikipiki nyekundu ikampita, ikapunguza mwendo. Shangazi alikuwa juu yake, gauni la harusi limefungwa magotini, chupa ya soda mkononi, midomo ya buluu.

"Mwanangu! Hujachungulia?"

Kizibo akaficha kidole mgongoni. "Sijachungulia, Shangazi."

"Usichungulie!" akapaza sauti, na kuondoka kwa moshi na kishindo.

Kizibo akangoja mpaka ule mlio ukapotea ng'ambo ya kilima. Kisha akaliinamia pipa, akalipapasa kifuniko.

"Tulia," akalinong'oneza. "Ameshakwenda."