Jinsi Nilivyouokoa Mteremko wa Mashua

Jumatatu, 3 Machi

Vita! Bwana Miavuli ameamua kutuzibia ziwa. Ndiye mwenye hoteli ya ufukweni, na jina hilo tulimpa sisi, maana kila nikiamka naona mwavuli wake mmoja umesogea karibu na maji. Sasa anautaka mteremko wenyewe. Ule wa saruji, kati ya ukuta wake na ghala la barafu, tunaposhushia mashua, tunapovua, anapoogelea mke wangu na wenzake kila asubuhi. Mji mzima hakuna mwingine. Kaiambia halmashauri kwamba hautumiki, mijusi tu ndiyo inaota jua. Afisa ardhi atakuja Ijumaa asubuhi ajionee. Akikuta watu, unabaki wa wote. Akikuta patupu, linajengwa baraza la kunywea sharubati.

Kikao cha dharura kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Ndiye mwenyekiti wetu, kwa sababu ana viti vingi. Sababu nyingine siijui. Mpango wake: Ijumaa kila mtu aje na mashua yake, aishushe majini. Basi. Huo nao ni mpango? Nikawaambia wasihofu, akili yangu nimeiweka kazini. Shemeji kasema hicho ndicho kinachomtia hofu.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikiwa kwenye cherehani. Mimi ni fundi wa makochi. Sponji ninayo, vitambaa ninavyo. Kwa nini nisitengeneze watu? Watu wasiochelewa, wasio na udhuru, wasiokwenda msibani ghafla. Nimewashona watatu, nikawavika mashati yangu na kofia, nikawapa fimbo za kuvulia. Jioni nimewaketisha ukingoni kuwajaribu. Jamani, walivyopendeza! Yule wa katikati ana mkao wa busara kuliko mwenyekiti.

Jumatano, 5 Machi

Aibu.

Asubuhi nesi, rafiki wa mke wangu, kawasalimia watu wangu. Hawakuitika. Akasalimia tena, kwa sauti. Kimya. Akamgusa bega yule wa katikati, amuulize kama kwao hawakufundishwa adabu, na yeye chubwi, majini! Nesi akajitosa na gauni lake. Sponji ikishakunywa maji haibebeki. Ilibidi waogeleaji wote wavute. Kisha nesi akamkandamiza kifua kwa bidii mpaka kifungo kikaruka, na hapo mke wangu akalitambua shati alilonishonea kwa harusi ya dada yake.

Walikuja karakana wote, wakichuruzika. Mke wangu akaniuliza, baba watoto, na huko kichwani nako umejaza sponji? Nesi kasema siku nikizama kweli, atasubiri kwanza niitikie salamu. Tangu hapo haongei na mimi. Shemeji alicheka mpaka ikabidi akae chini, na karakana yangu yote haikuwa na kiti kilichokamilika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimenasa siri! Wahudumu wa hoteli walikuwa wakinong'ona sokoni: Bwana Miavuli atapanga meza zake mteremkoni kesho kabla ya jua, afisa akute baraza tayari. Mjanja huyo. Lakini kakutana na mjanja mwenzake. Nimeazima mnyororo wa nanga kwa jamaa wa meli ya mizigo, mzito kama ndama, nikaufunga nguzo hadi nguzo pale juu ya mteremko. Kufuli kubwa kuliko ngumi yangu. Meza haipiti. Mwavuli haupiti.

Mke wangu kauliza, na mashua je? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ufunguo ninao mimi. Hapo ndipo alipoanza kuwa na wasiwasi.

Mchana kutwa nimeshona viti vya basi la abiria. Ufunguo niliuweka palepale mbele yangu, juu ya sponji, nisije nikausahau. Jioni basi limeondoka safari, viti vinang'aa, dereva kafurahi. Siku njema sana. Ufunguo sijauona tangu hapo, lakini utaonekana.

Ijumaa, 7 Machi

Haukuonekana.

Nimepindua karakana. Nimepekua hata sufuria. Ndipo nikakikumbuka kile kiti cha mwisho, kilichokataa kukaa sawa nikakishindilia kwa goti. Ufunguo umeshonewa humo, uzi mara mbili. Na basi liko mbali huko, na kuna abiria anajipindua-pindua kitini bila kujua kinachomchoma.

Nikatoka mbio hadi ziwani. Meza hata moja hakuna. Kwa hilo naomba nipongezwe. Lakini mashua pia hakuna! Zote zimepanga foleni kwenye mikokoteni, kuanzia mnyororo mpaka barabarani, na wenyewe wamekunja mikono. Shemeji alikuwa na msumeno. Ulikuwa umeuchubua mnyororo kidogo tu, na meno umekwisha kuyapoteza.

Na huyo afisa anakuja, Bwana Miavuli pembeni akimkinga jua. Akamwonyesha mteremko: mtupu, mkavu, mjusi mmoja. Akasema mheshimiwa si unaona, hata mnyororo umefungwa. Afisa akauliza nani kaufunga. Watu wote wakanigeukia. Na mimi nikageuka nyuma, nimwone wanayemtazama.

Mke wangu ndiye aliyekata maneno. Alivua kandambili, akashika mashua yetu ubavuni, akawaita wenzake: haya, inueni! Ikapita juu ya mnyororo, mikono ikipokezana, ikashuka majini. Ya pili ikafuata. Ya tatu. Nesi aliniambia, maneno ya kwanza tangu Jumatano, nishike nyuma ya mashua na nisiguse kitu kingine chochote duniani. Mashua ya shemeji ni nene kama mwenyewe. Ikakwama katikati, wabebaji wakaanza kuyumba. Afisa akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakunja suruali, akatia bega. Alilowa hadi kiunoni na akatoka anacheka.

Akamwambia Bwana Miavuli kwamba hajawahi kuona watu wakivunja migongo kufika mahali wasipopatumia. Mteremko ni wa wote, na ripoti itasema hivyo hivyo. Bwana Miavuli akafunga mwavuli. Shangwe! Nami nilishangilia, mpaka afisa alipoagiza mnyororo ukatwe kesho, na wa kuushikilia wakati unakatwa niwe mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Mchomeleaji kaukata. Cheche zimetoboa suruali yangu mahali ambapo sitapaandika. Jamaa wa meli anauliza nanga yake sasa itaning'inia kwenye nini. Shemeji kanisifu mbele za watu: bila shemeji yetu, afisa angetukuta tunashusha mashua kama watu wa kawaida, asingeguswa moyo. Watu wakacheka. Sina hakika ilikuwa sifa. Nimeipokea.

Jumapili, 9 Machi

Habari zimeenea. Leo mteremkoni hapatoshi! Makasia, ndoano, watoto wenye maboya, hadi maharusi wa kupigwa picha. Pale ninapokaa mimi siku zote nimemkuta mgeni na redio yake, akanisogezea nafasi na kunikaribisha. Ananikaribisha! Mimi!

Pa wote, sawa. Nimefurahi, moyo mweupe kabisa. Ila hao wote lazima wapangwe. Nimeshapiga hesabu ya mistari: waogeleaji kule, mashua katikati, wavuvi huku, na pembeni kisehemu kidogo tu cha mwanzilishi. Shemeji simwambii, ataitisha kikao. Rangi nimeshapata, debe zima, nyekundu, ya mafuta. Muuzaji kanionya kwamba ikiwa mbichi inateleza kama bamia, na kukauka kwake ni kwa taratibu sana. Mwenyewe sina haraka. Naanza kesho alfajiri, nipake kuanzia juu mpaka majini, nimalize kabla mke wangu na nesi hawajafika kuogelea.

Watashangaa!