Pajama ya Baba Mdogo, Mitaa Kumi

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Mabamba yangu tisa ya kuchapia picha yamekwisha. Niliyatia kwenye asidi ili picha zangu za mitaa zichimbike kwenye zinki, nikatoka dakika tano tu kumchungulia Bwana Fleshi, yule mpiga picha za pasipoti anayeutaka ukuta wangu wa maonyesho. Dakika tano zikawa saa nzima. Nimerudi nikakuta matundu matupu. Limepona moja, la ua wa mama mdogo, kwa sababu nilisahau kulitia. Kadi ya kamera nilishaifuta nijipige mwenyewe picha ya bango. Jua la kuchomea mabamba mapya hakuna, mawingu tu. Maonyesho ya "Mitaa Kumi" ni Jumamosi! Msimamizi wa ukumbi kasema zikipungua kumi, ukuta anapewa Fleshi.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Lile bamba lililopona nimelichimba leo bila kutoka nje. Bamba moja, wino kumi. Kahawia: Viwandani. Kijani: Bondeni. Na chapa ikiwa mbichi, naikandamiza juu ya karatasi nyingine, kushoto kunakuwa kulia. Mtaa mpya! Mama mdogo, aliyeniazima chumba cha kufulia nikifanye karakana, aliuliza nacheka na nani. Nikamjibu ni kazi.

Alhamisi, 7 Machi
Zimetimia kumi. Lakini kila picha ina kamba ya nguo ya ua wetu. Juu yake pajama ya baba mdogo, ya milia, kiraka gotini. Nimejaribu kuikwangua, nikakwangua mlango. Basi. Nani huenda kwenye maonyesho kutazama pajama? Sijala tangu jana.

Jumamosi, 9 Machi
Watu walifurika! Mzee mmoja alilia mbele ya "Nyuma ya Hospitali", akasema amekulia palepale. Hata Fleshi alikiri, kwa shingo upande, kwamba kona ile anaifahamu. Nikavimba kichwa.
Kisha akaingia mama mdogo na gauni lake la harusi za watu. Akapita picha moja moja, polepole. Ya kumi alipoimaliza, akamgeukia baba mdogo mbele ya kadamnasi, akamuuliza pajama aliyomtilia kiraka kwa mkono wake mwenyewe inafanya nini kwenye kamba za nyumba kumi za watu.
Baba mdogo akanitazama. Msimamizi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nikatazama dari. Naona haya hata kuandika.

Jumapili, 10 Machi
Baba mdogo kafukuzwa chumbani. Kahamia karakana, kajilaza juu ya meza yangu ya kuchapia, kajifunika shuka jeupe gubigubi. Kaniomba neno moja tu, niseme ukweli. Ndoa ya miaka thelathini! Nimemsikia mama mdogo akilia jikoni huku anaosha vyombo vilivyo safi. Moyo umeniuma kwelikweli.

Jumatatu, 11 Machi
Nimesema. Nilimpelekea mama mdogo lile bamba. Akalitazama, akatazama uani dirishani, akalitazama tena. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanizaba kofi la kisogo, akajifunga kanga, akaenda mwenyewe kumweleza msimamizi. Ukuta kapewa Fleshi. Chumba cha kufulia kimerudi kufuliwa. Baba mdogo yuko ndani kwake, salamu yangu anaipokea kwa nyusi. Nimeapa: sitadanganya tena kwa picha.

Jumanne, 12 Machi
Nikifungasha vitu nilikagua kamera. Kumbe Jumapili nilimpiga picha baba mdogo akiwa amelala! Mgongo ule chini ya shuka, ukichapwa kwa kijivu, ni mlima kabisa. Kwa bluu, mlima mwingine. "Milima Kumi"! Nimeshaandikia ukumbi mwingine, nikawaambia miguu bado inaniuma kwa kupanda.
Kasoro ni moja tu, unyayo umechungulia pembeni. Nitasema ni jabali. Nani atautambua unyayo wa mtu?
Mama mdogo sitampa kadi ya mwaliko.