Mupira ya mukojo ya muzee Rugamba: mukuje muihesabu

Kambi ya bakimbizi Nakivale, tarehe 9 mwezi wa saba 2013

Kwa Mukubwa wa wodi ya wanaume,
Hospitali kule Mbarara

Muheshimiwa Munganga,

Tangu jana magaribi mukojo haijaanguka hata tone moja, na baba amekaa ku kitanda, ameshika mufuko na anaiangalia. Ndiyo maana niko naandika. Baba ni muzee Rugamba. Mwezi wa tatu alilala kwenu siku tano juu mukojo ilimukatalia, mukamutia mupira ya kuipitisha mpaka ndani ya mufuko. Mimi Eliezeri, kijana wake, nilikuwa yule anasimama karibu na mulango bila kusema. Hata sasa sisemi mingi. Lakini ku karatasi sioni mutu usoni, basi nitasema. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mupira yenu ingali kwetu. Siku ya kutoka, nesi alimwambia baba: "Mzee, hii ni ya hospitali. Hapana vuta, hapana toa, hapana acha mtu aguse. Weka kidole hapa." Baba akatia kidole na wino ku kitabu. Munajua batu ya kambi na kidole. Kitu ulitilia kidole, siku moja batu ya shirika batakuja kuihesabu, na ukikosa kuionyesha, banakukata ku liste, haupati tena chakula. Baba angali na jerikani ya 2001, imetoboka, iko chini ya kitanda. Turubai ya 2004 imeoza, lakini alama ingali inasomeka, ameikunja vizuri. Na mupira yenu anaichunga vile vile. Karibu miezi ine hakuna mutu wenu amekuja kuiangalia. Kwa kweli hamuchungi vitu vyenu.

2. Mupira inaheshimiwa kunipita mimi. Mama yangu Kantengwa aliifumia mufuko yake kifuniko cha uzi mweupe, kama ile anawekaka ku kibuyu ya maziwa. Kanisani banaiachia fasi ku benchi, mimi nakaa chini. Kila asubuhi mama anauliza, "Imeamuka aje?" Si baba anauliziwa, ni mufuko. Mwanzo ilikuwa inaamuka rangi ya chai. Mwezi wa tano ikaanza kuamuka na damu, na harufu, na baba akaanza kutetemeka homa mpaka kitanda inalia.

3. Nilimupeleka ku dispanseri hapa hapa kambini. Bakauliza, "Nani aliiweka? Huyo ndiye atatoa." Nikaenda kuomba fasi ndani ya gari inapelekaka bagonjwa Mbarara. Mwenye liste akatafuta jina, akasema Rugamba alishatibiwa, faili yake imefungwa. Nilitaka kumwambia akuje anuse. Nikaangalia viatu vyake, nikarudi.

4. Jirani yetu Ushindi alikuwa enfirmye, ni kusema nesi, kule Uvira mbele ya kukimbia. Akakuja na sindano yake mupya. Akasema ndani kuko kapira kadogo kanajaa maji, unavuta yale maji, mupira inatoka. "Muzee, hata chai yako haitapoa." Baba akashika fimbo.

"Ushindi, ni weye ulitia kidole?"

"Hapana, muzee."

"Sasa siku ya kuhesabiwa nitaonyesha nini? Tundu?"

Ushindi akacheka, akaenda. Mimi sikucheka, juu niliona mukono wa baba vile ulishika ile fimbo.

5. Banatuita ku interview ya kwenda Amerika. Hapa ndipo mupira yenu inaleta shida kubwa. Tukiondoka nayo, tumeiba mali ya Uganda. Tukiiacha, baba naye anabaki, juu habaachani. Basi naomba na heshima yote: mutume mutu na kitabu, aihesabu na aichukue. Ao muipatie kadi yake ya ukimbizi. Inastahili. Imelala hapa zaidi ya miezi mitatu, kwao hakuna anaitaka, na kila ofisi inasema si yake. Ku interview tutaandikisha batu ine: baba, mama, mimi, nayo.

Kulikuwa na ya sita, lakini lazima niende. Pikipiki ya Ushindi inangurumia ku mulango, tumbo ya baba imekuwa ngumu kama meza, na mama anamuita, haitiki vizuri. Tunakuja Mbarara hivi hivi, na bila liste. Munisalimie nesi wa ile siku, na bagonjwa bote ba wodi, na askari wa geti aliuliza kama fimbo ya baba ni silaha.

Mimi yule wa karibu na mulango,
Eliezeri

Nyongeza. Nilikosa karatasi ingine, nimeandika nyuma ya ile karatasi nesi alinipatia siku ya kutoka. Alisema nisiipoteze, na sijaipoteza, ilikuwa ndani ya plastiki pamoja na kadi zetu. Sasa hivi Georgette, mwalimu wa batoto, amekuja kutusaidia kumupandisha baba. Akaigeuza, akasoma ile Kingereza mimi sijui kusoma: mupira itolewe siku ya kumi na ine, na nesi yeyote, fasi yoyote. Akasoma mara ya pili, pole pole. Kisha akaniangalia. Ile siku nesi alikuwa ameniuliza, "Umeelewa?" Nikaitikia na kichwa.

Basi mufute moja mpaka tano.

Baba alisikia. Amekubali Ushindi aitoe, lakini mutu mwingine atie kidole. Imetoka saa ine, imeshika ukoko mweupe kama sufuria ya chumvi, na nyuma yake ikafuata mukojo na usaha, mingi. Homa haijatoka. Tungali tunakuja. Mupira nimeiosha, iko mufukoni mwangu.

Hapa chini ni kidole yangu. Muzee Rugamba hana tena kitu chenu.