Mwizi wa Lori Langu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeibiwa! Lori zima, kuanzia bampa hadi honi. Si la chuma, ni la kwenye gemu ya udereva: modi, yaani nyongeza ya gemu, niliyoichonga kwa miezi, wachezaji waipakue na kuiingiza kwenye gereji zao. Bure. Sikutaka kitu ila jina langu chini. Leo jitu linalojiita Mfalme wa Lami limeipandisha kwenye ukurasa wake, limefuta jina langu, limeweka lake. Watu wanamwombea maisha marefu! Dada ameniuliza nalilia lori lipi, nami hata baiskeli sina. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Nimetoa toleo jipya lenye neno la siri. Asiyelijua, injini haiwaki. Neno gumu kweli kweli. Kufikia alasiri injini imenigomea hata mimi: nimelisahau. Waaminifu wangu wananitukana. Mfalme, mwenye nakala ya zamani, ametangaza kwamba kwake hakuna masharti. Mwizi amekuwa mkarimu, mimi bahili!

Jumatano, 5 Machi

Kufuli nimeling'oa. Sasa mtego. Atakayefuta jina langu, honi italia kama punda. Nimeijaribu. Dada amecheka hadi akaegemea ukuta. Acheke tu.

Ijumaa, 7 Machi

Amenasa! Ameiba, amefuta, punda amelia. Nikakaa kusubiri aibu yake. Aibu gani! Mashabiki wamempenda punda kuliko lori. Mfalme amewaambia wazo lilimjia akioga.

Nimemshtaki kwa wasimamizi wa tovuti. Wanataka ushahidi kwamba kazi ni yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Ushahidi ninao! Tausi aliyechorwa mlangoni nyuma ya lori langu nilimpiga picha mwaka jana, kwenye lori la kweli, nje ya gereji ya mtaani. Fundi rangi aliyemchora ataniunga mkono. Nimekwenda na kompyuta kwapani.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akainama karibu na kioo. Nilimweleza habari ya wizi, kwa uchungu wote. Kisha akagusa jicho la tausi.

"Hili nililikosea," akasema. "Siku hiyo mama watoto alikuwa amelazwa. Mkono ulikuwa hapa, roho hospitali. Nikasema basi, libaki hivyo."

Mimi jicho lile nililinakili na kosa lake, nikidhani ni mtindo. Nikauliza hali ya mama. Akasema walimzika wiki ileile.

Nilitamani ardhi inimeze, na kompyuta yangu.

Hakufoka. Aliomba nimwendeshee kidogo. Tausi akapanda milima, akavuka daraja, mvua ikamnyeshea bila rangi kuchuruzika. Fundi akatazama kama mtu anayesindikiza mgeni. Mwishoni akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, wewe unamshtaki huyo. Mimi nimshtaki nani?"

Akaomba tu jina lake liwekwe, hata dogo. Nikaapa. Nimerudi kwa miguu, nikijiona mdogo kuliko sisimizi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari sana. Ahadi ni deni. Jina la fundi nimeliandika kweli, kwa herufi nzuri, chini ya tangi la mafuta. Linaonekana vizuri lori likipinduka. Juu likikaa litasongamana na langu. Wasimamizi nimewatumia picha za tausi na maneno makali kuhusu heshima ya kazi ya mtu.

Mchana nimeona gari la maji limeegeshwa karibu na soko. Ubavuni amechorwa simba, manyoya yake moto mtupu! Sijapata kuona mkono kama huo. Dereva hayupo. Nimelipiga picha pande zote, upesi upesi, kabla hajarudi.

Hili nitalifunga kwa makufuli mawili. Dunia imejaa wezi.