Kompyuta ya Wifi Ina Kigugumizi

Jumatatu, 12 Mei 2003

Tena katika huu mchezo wa kompyuta si mpira peke yake unaokwama, kama nilivyodhani jana. Hata mtangazaji ana kigugumizi! Anaanza kusema goli, anabaki kwenye go-go-go-go mpaka chai inapoa. Wachezaji wanakimbia kama wana matope magotini. Khaled wangu (wiki tano leo tangu ndoa, na moyo bado unaruka nikisikia viatu vyake mlangoni!) akaifunga kompyuta taratibu, akasema, "Chérie, basi mi nitakuwa naenda kucheza kwa Uthmani."

Kwa Uthmani, rafiki yake! Mutakura! Kutoka hapa Buyenzi ni kuvuka nusu ya mji, na siku hizi za vita risasi hazingoji hata swala ya magharibi. Khaled hajui kwamba ni mimi niliyemwomba dada yake, wifi Mwanvua, atuazime kompyuta hii ya kukunja. Nilitaka tu mume wangu apate cha kumshika nyumbani jioni. Mchezo ukiharibika, mume yuko barabarani. Lazima nifanye kitu.

Jumanne, 13 Mei

Nimegundua! Umeme hauitoshi. Nilichomoa friji, pasi, redio, nikazima taa zote, ili umeme wote uende kwa kompyuta. Tukakaa gizani, uso wa Khaled wa buluu, mzuri kama mwezi. Mapenzi matupu!

Go-go-go-go.

Maziwa ya friji yamechacha.

Jumatano, 14 Mei

Uthmani alikuja mwenyewe mchana. Kapera, anauza vipuri vya pikipiki, anacheka kabla ya kusalimia. Akaniambia, "Shemeji, hii ordinateri ni ya bureau, si ya mupira." Akasema ni kompyuta ya kazi za ofisi, tuipunguzie mzigo. Akaondoa majani ya uwanja. Akaondoa mashabiki. Mwisho akawaondolea wachezaji nyuso! Watu ishirini na wawili wasio na nyuso wanakimbia jangwani. Kwa dakika kumi mtangazaji alisema vizuri kama imamu. Halafu kigugumizi kikarudi.

Uthmani akampiga Khaled bega: "Kuya tu kwangu, yangu iko na feni kubwa!" Najua mchezo wake. CD ya mchezo aliileta yeye mwenyewe, na ndani alitia ugonjwa, ili anipokonye mume. Nilimpa chai bila sukari. Akaomba kikombe cha pili.

Alhamisi, 15 Mei

Leo niliigusa kompyuta. Moto kama kikaango cha chapati! Homa! Nikaichunguza kila upande, nikaona ubavuni vitundu, na ndani yake vumbi. Nani anaacha matundu wazi katika mji wenye vumbi namna hii?

Hapa Buyenzi bibi harusi haachi kitu uchi. Redio nimeifumia kitambaa, viti nimevifumia, hata termosi ina sketi yake. Kompyuta nayo niliifumia kifuniko siku ile ile ilipoingia, uzi wa waridi, kinaacha wazi kioo na herufi tu. Kumbe kilikuwa chepesi. Nimeongeza tabaka la pili na kuviziba vitundu vyote. Kisha nikailaza juu ya mto wetu wa harusi, ule wenye majina yetu mawili. Inapendeza mpaka nikaita majirani waione.

Ijumaa, 16 Mei

Dakika tatu. Go-go. Kimya. Kioo cheusi.

Khaled hakukasirika, ndiyo yaliyoniumiza. Alinibusu paji la uso, akavaa koti, akaenda Mutakura.

Saa kumi na mbili jioni, risasi, upande wa kaskazini. Hizo hazina kigugumizi. Nilisimama mlangoni na sindano yangu, nikafuma bila kuangalia, safu kumi na nane za kitu nisichokijua. Jirani akaniambia niingie ndani. Sikuingia.

Alifika dakika chache kabla ya saa ya kutotoka nje, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akasema ameshinda tatu kwa bila. Sikucheka. Nililia mpaka shati lake likalowa. "Mi niko hapa, Saliha, mi niko hapa," akasema. Lakini kabla ya kulala alilikagua komeo la mlango mara tatu.

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi niliibeba kompyuta kwa siri mpaka kwa Bahizire, fundi Mkongomani wa karibu na soko. Kitu cha kwanza, alikivua kifuniko changu. Akacheka. Akamwita mwenzake aje acheke naye! Akaniuliza, "Mama, we utaweza kukimbia umejifunika blanketi mbili na mukono ku pua?" Akasema vile vitundu ndiyo pua yake. Ikikosa pumzi inapata moto, ikipata moto inajipunguza mwendo isiungue, na sauti inakatika. Akachokoa humo nyuzi za waridi, donge kubwa kama panya. Akaniamuru: juu ya meza, ubao mtupu, bila mto, bila nguo.

Jioni mtangazaji akapaza goooli moja, nzima, ndefu, hadi mtaa wa pili. Nyuso zimerudi, hata majani. Mlio wa bunduki ulisikika mbali huko milimani, na Khaled wangu hakuinua hata kichwa. Alhamdulillah!

Jumatatu, 19 Mei

Jioni ya tatu mfululizo yuko nyumbani. Nina furaha mpaka naogopa.

Lakini kompyuta iko uchi mezani kama kuku aliyenyonyolewa! Wageni watasema nini? Bahizire ni fundi, ila ni mwanamume, hajui uzi. Kosa lilikuwa la uzi wa waridi, ulikuwa unatoa nyuzi. Nimenunua wa pamba, mzito, hautoi kitu. Na zile safu kumi na nane za Ijumaa, kumbe zinaenea sawasawa ubavuni mwa kompyuta!

Wifi Mwanvua ametuma salamu kutoka Kinanira. Anasema kazini wamempa kompyuta nyingine, kubwa, inatoa upepo ubavuni mchana kutwa. Maskini wifi, na vumbi lile! Nimemjibu asihangaike: kabla mwezi huu haujaisha mimi na Khaled wangu tutakuja kumsalimia, mchana, mikono si mitupu. Anitumie tu vipimo mapema, hasa vya ule ubavu wenye matundu.